Mfupa Haukuwa Umetoka

Jambo nililopaswa kulikataa lilinifikia siku yangu ya kwanza kazini, katika dispanseri ya bandari ya Kalundu, kando ya ziwa karibu na Uvira, na nililikubali kabla viatu vyangu vipya havijaacha kunibana. Ilikuwa katika miaka ya hamsini, kabla ya uhuru. Nilikuwa nimetoka sekondari ya mapadri, kisha shule ya wauguzi wasaidizi, na nilijiona mtu mkubwa ndani ya koti jeupe.

Asubuhi hiyo wapagazi wawili walimleta mwenzao amejipinda kama ndoana. Alikuwa ameinua gunia la chumvi vibaya, mgongo ukamkamata. Mkuu wa dispanseri, muuguzi mzee ambaye sote tulimwita Baba Mukubwa, alimpapasa taratibu, akamuuliza maswali machache, akaniambia: "Mulaze pale. Mupe aspirini, na kitambaa cha maji ya moto. Apumuzike, kisha atembeetembee kidogo kidogo. Hii inapita yenyewe."

Mimi nilijua njia fupi zaidi. Kule shuleni, baada ya mpira, tulikuwa tukialishana migongo, yaani kukivuta au kukisukuma kiungo mpaka kitoe mlio, kama watu wanavyoalisha vidole. Nilimlaza yule mpagazi ubavu, nikamkunja goti la juu, nikaweka mkono mmoja begani na mwingine kwenye nyonga, nikasukuma kila mmoja upande wake. Mgongo ukalia: kwa! Mtu akasimama, akajinyoosha, akacheka. Wenzake wakacheka pia.

Mlangoni alikuwa amesimama Direkta wa bandari, Mbelgiji mnene mwenye kofia ya kitambaa, aliyekuja kuuliza kwa nini gati limekosa watu.

"Weye iko fundi," akaniambia kwa Kiswahili cha mabwana. "Kuanzia leo, muntu wa mugongo hapana kwenda kulala nyumba. Anapita kwako kwanza. Unamupiga ile kwa, anarudi kwa kazi. Unasikia?"

Baba Mukubwa akakohoa. "Bwana Direkta, mugongo unapenda kupumuzika."

"Bato hapana kupenda kupumuzika," Direkta akajibu, akanyoosha kidole kuelekea bato yake, yaani meli, iliyokuwa ikingoja.

Wote wawili wakanitazama. Ningeweza kusema kwamba sikufundishwa kazi hiyo, na ingekuwa kweli. Ningeweza kusema kwamba mkuu wangu wa kazi ni yule mzee, si mwenye meli. Nilisema, "Ndiyo, Bwana." Sikuogopa kufukuzwa, siku hizo wauguzi walikuwa wachache na Direkta alijua. Nilisema ndiyo kwa sababu watu walikuwa wamecheka kwa furaha, na mimi ndiye niliyewachekesha.

Ninyi mnaosoma haya hamkuiona Kalundu ile, kwa hiyo nieleze. Pamba ya bonde la Ruzizi ilishuka kwa malori, ikafungwa marobota, ikapakiwa kwenda bandari ya Albertville, kusini mwa ziwa. Kutoka upande wa pili zilikuja saruji, chumvi, mabati. Winchi ilikuwepo, lakini kazi kubwa ilifanywa na shingo za watu. Mpagazi alitwikwa gunia na wenzake wawili, akapanda ubao mwembamba mpaka ndani ya meli, akashuka mbio kuchukua jingine, huku kapita, msimamizi wao, akimhesabia kwa sauti. Migongo iliharibika kama kamba za kisima zinavyoharibika, na hakuna aliyeishangaa kamba.

Kabla yangu, mtu wa mgongo alikwenda kwa mama mapasa. Kwetu pwani hii mwanamke aliyezaa mapacha alikuwa na nguvu miguuni, au ndivyo tulivyoamini: mgonjwa alilala kifudifudi juu ya mkeka, na mama huyo akamkanyaga mgongo kwa unyayo, huku akitamka majina ya watoto wake wawili. Kwa hiyo nilipoanza kuwapanga wapagazi kwenye benchi, jina langu likapatikana upesi.

"Baba Mapasa, njoo unikanyage."

"Minye sina hata mutoto mumoja," niliwajibu.

"Mapasa yako ni mikono miwili hiyo. Huyu wa kuume njo kulwa, wa kushoto njo doto."

Nililipenda jina hilo. Leo najua kwamba yale niliyoyafanya chini ya koti jeupe hayakuwa na elimu zaidi ya mkeka wa yule mama. Yeye alitamka majina ya watoto. Mimi nilitamka maneno ya Kifaransa. "Lumbago," nilisema, na lumbago maana yake ni maumivu ya kiuno tu. Ni kumrudishia mgonjwa malalamiko yake kwa lugha ya kigeni. "Vertebra imetoka," nilisema, nikimaanisha pingili, moja ya vile vifupa vilivyopangana toka shingoni mpaka kwenye makalio. "Sasa imerudi. Umeisikia?" Na kila mtu alikuwa ameisikia.

Hapo ndipo uongo wote ulipokaa, ndani ya mlio ule. Wapagazi waliamini kwamba mlio ni mfupa unaoingia mahali pake, kama komeo la mlango. Mimi pia niliamini. Kwa hiyo mgongo usipolia tulisema mfupa umekataa, nikaongeza nguvu. Mgongo ukilia mara mbili tulisema mifupa miwili. Wengine walirudi kila asubuhi ulie tena, na hakuna aliyeuliza mfupa huo ni wa namna gani, unaotoka kila usiku na kurudi kila asubuhi. Mtu aliyealishwa huhisi nafuu ya kweli, sikatai. Misuli inalegea, moyo unatulia kwamba kuna aliyemgusa na kumjali. Nafuu hiyo ilidumu mpaka gunia la kumi na kitu, pengine mpaka jioni. Nao wengi walipona kabisa baada ya wiki chache, kama Baba Mukubwa alivyosema siku ya kwanza, kwa sababu mgongo wa namna hiyo hupona wenyewe. Maumivu yaliondoka kwa miguu yake yenyewe, nami nikapokea sifa ya kuyafukuza.

Bwana Daktari alikuja Kalundu mara moja kwa wiki. Siku hiyo Direkta alihakikisha watu wa mgongo wako kazini, na Daktari akatazama malaria, vidonda na macho, akaondoka. Baba Mukubwa aliniambia mara moja tu: "Mutoto, weye unaponyesha bandari, hauponyeshi bantu." Nilimwona mzee mwenye wivu. Alistaafu mwaka uliofuata, nami nikakalia kiti chake.

Kati ya wapagazi alikuwepo Yoakimu wa Makobola, mrefu, mwenye sauti ya kuvukia ziwa. Alikuwa mvuvi kabla ya kuja bandarini, na mama yake mjane pamoja na dada yake Veronika walimtegemea yeye. Nilimjua Veronika kwa sababu alimletea kaka yake chakula. Nilipomposa, Yoakimu alizunguka gati zima akitangaza.

"Angarieni huyu. Ameshika migongo yote ya Kalundu, haijamutosha. Sasa anataka na dada yangu."

"Shemeki, leta na wako tuumalize," nikamwambia. Shemeki ndivyo tunavyoitana huku, mtu na ndugu wa mke wake.

"Wangu? Wangu ni wa mama mapasa. Weye mikono yako iko baridi kama samaki."

Alinikatalia mgongo wake muda mrefu, kwa utani. Tulioana kanisani Uvira, tukapata binti, Matilda. Yoakimu alikaa kwetu siku za kazi na kurudi Makobola siku za mapumziko akiwa na chumvi na sabuni za mama yake.

Kisha mgongo wa Yoakimu ukaanza. Haukuanza kwa gunia. Haukuwa na siku ambayo angeweza kusema, ni siku ile. Uliuma katikati, chini ya mabega, ukauma akisimama na ukauma zaidi akilala. Alianza kukonda. Utani wake ukapungua, na hatimaye siku moja akaja mwenyewe akaketi kwenye benchi pamoja na wengine.

"Leo mama mapasa ni weye," akasema.

Nilimwalisha. Ukalia, akapata nafuu mpaka jioni. Nikamwalisha tena na tena, kwa majuma mengi. Nilikuwa nimefundishwa shuleni, kwa mwalimu aliyeandika ubaoni kwa herufi kubwa: maumivu ya mgongo yasiyopumzika mtu akilala, homa ndogo za jioni, jasho la usiku, kukonda, ukiyaona hayo pamoja, usimguse, mpeleke kwa daktari. Nilijibu swali hilo katika mtihani wangu na nikalipata. Lakini bandarini nilikuwa nimeona migongo mingi mno iliyolia na kupona, na mtu akishazoea jibu moja hasikii tena swali.

Veronika aliona kabla yangu.

"Yaya analala jasho," akaniambia, maana ndivyo alivyomwita kaka yake. "Shuka inalowa unaweza kuikamua. Mupeleke kwa Bwana Daktari."

"Ni joto la ziwa."

"Joto la ziwa linanikuta na minye. Minye silowi."

"Veronika, kazi ya mugongo iko yangu."

Aliendelea kumfunga Matilda mgongoni. Sijui kwa nini nakumbuka kwamba hakukasirika. Aliamini kwamba najua.

Siku iliyoharibu kila kitu ilileta meli ya saruji. Kapita alikuja dispanseri akimsukuma Yoakimu mbele yake. "Huyu anasema hawezi. Bwana Direkta anasema umutengeneze, tuko na meli mbili." Nyuma yao walikuja wapagazi watano, sita, kwa sababu kutazama migongo ikilizwa kulikuwa mchezo wa asubuhi.

Nilimvua shati, nikamlaza kifudifudi. Na pale, katikati ya mgongo uliokonda, niliona pingili moja imechomoza nje ya mstari wa wenzake, kama fundo la kidole. Nilipitisha mkono juu yake. Na nawaambia ukweli: nilifurahi. Miaka ile yote nilikuwa nikisema mfupa umetoka bila kuuona. Sasa ulikuwepo, unaonekana, hata mtoto angeweza kuuonyesha.

"Angarieni," nikawaambia wale watu. "Mufupa njo huu. Umetoka."

"Ee, umetoka kweli," wakasema, wakasogea.

"Shemeki, pole pole," Yoakimu akasema, uso wake ukiwa umebanwa mezani.

Niliweka viganja vyote viwili juu ya pingili ile. Niliposukuma mara ya kwanza haikulia. Kapita akasema, "Inakukataa." Nikapanda mezani kwa goti moja, nikanyoosha mikono, nikatupa uzito wangu wote.

Mlio ule haukuwa kama milio mingine. Ulikuwa mzito na wenye unyevu. Watu wakasema, "Imerudi, imerudi," na mmoja akapiga makofi. Nilipapasa, na kweli pale palikuwa pameshuka kidogo. Yoakimu aliinuka polepole. Hakucheka.

"Miguu yangu iko na sisimizi," akasema.

"Ni damu inarudi," nikamjibu.

Kapita akamchukua. Nilimwona kwa dirisha akipanda ubao na saruji shingoni, akiweka mguu kama mtu anayetafuta ngazi gizani. Asubuhi iliyofuata hakuweza kusimama. Alikuwa amejikojolea bila kujua, na Veronika alipomchoma kidole cha mguu kwa sindano ya kushonea, hakuhisi.

Bwana Daktari aliitwa. Alimpima taratibu, akamgonga magoti kwa nyundo yake ndogo, akaniita nje, tukasimama penye ukuta wenye kivuli. Tulizungumza Kifaransa, maneno yetu nayaweka hapa kwa Kiswahili.

"Nani alikwambia mfupa ulikuwa umetoka?"

"Nimeuona, Daktari. Ulikuwa umechomoza."

"Ulichokiona ni kifua kikuu. Kimeingia kwenye pingili, kikaila kama mchwa anavyokula nguzo; upande wa mbele ukabomoka, upande wa nyuma ukachomoza. Hukukuta mfupa uliotoka. Ulikuta mfupa uliooza, ukaupanda kwa goti. Sasa umevunjika, na usaha na vipande vyake vinaubana ugwe." Ugwe mgongo ni ile kamba ya fahamu inayopita ndani ya pingili, ndiyo inayoiambia miguu itembee.

"Lakini ulilia," nikasema. Hata leo naona aibu kwamba nilisema hivyo.

Akairudisha nyundo mkobani. "Umewahi kufungua chupa ya bia? Katika kila kiungo kuna ute, kama mafuta ya bawaba, na ndani ya ute kuna hewa iliyoyeyuka. Ukikivuta kiungo ghafla, hewa inatoka kwa mlio. Basi. Kiungo kizima kinalia, kibovu kinalia, vidole vyako vinalia. Pingili za mtu mzima hazitoki na kurudi. Zimefungwa kwa kano ambazo huwezi kuzilegeza kwa mikono. Pingili iliyotoka kweli huletwa kwa machela, na haisukumwi na mtu juu ya meza." Akafunga mkoba wake. "Ungemleta miezi michache iliyopita, ningemlaza ndani ya plasta ngumu ya kuushika mgongo na kumpa sindano. Wengi wao hutembea."

Alimpeleka hospitali ya Usumbura, ng'ambo ya ziwa. Yoakimu alirudi baada ya miezi mingi, kifua kikuu kimetulizwa, miguu imekufa.

Hakuna aliyeniadhibu. Direkta alisema mtu alikuwa mgonjwa tangu zamani, jambo ambalo lilikuwa kweli na halikumsaidia mtu. Mimi nilihamishiwa Luberizi, kwenye dispanseri ya udongo kati ya mashamba ya mpunga na ng'ombe. Kule wakulima walioinama siku nzima kupanda mpunga walikuja na viuno vyao, kwa sababu jina la Baba Mapasa lilinitangulia kwa malori. Niliwakatalia. Niliwauliza kuhusu homa, jasho, kukonda, miguu yenye ganzi, mkojo. Wasiokuwa na dalili hizo niliwaambia waendelee kutembea, wajikande kwa maji ya moto, wasubiri. Mzee mmoja wa Kirundi alinitazama kwa dharau.

"Nimetembea tangu alfajiri ili unipe maji ya moto? Weye si ulikuwa unaliza?"

"Niliacha, mzee."

"Basi ulisahau kazi," akasema, akaenda kwa mwingine aliyemliza. Alipona, bila shaka. Wengi hupona.

Kutoka Luberizi nilipelekwa Bukavu kuongeza masomo, na huko nilifanya kazi chini ya madaktari wanne waliopishana, Wabelgiji kisha watu wetu, mpaka nilipostaafu na kurudi Uvira. Sitawaeleza miaka hiyo. Ilikuwa ya sindano na vitanda, na nilifanya kazi yangu kama inavyotakiwa. Kwa ustadi hakuna aliyenilaumu tena.

Siku hizi vijana wa pikipiki wanakuja kwangu wakiwa wameshika viuno. Wananiambia kinyozi aliwazungusha shingo mpaka ikalia, na wanajivunia. Nawaambia yale yale. Kualisha vidole hakuleti ugonjwa wa mifupa kama bibi zetu walivyotutisha. Na mgongo mzima wa kijana ukilizwa na mtu anayejua, mara nyingi haudhuriki, pengine unapata nafuu ya muda. Sisemi kila anayeliza mgongo anaua. Nasema mlio haukwambii kitu. Haukwambii mfupa umerudi, haukwambii umepona, na haukwambii chini ya ngozi kuna nini. Na shingo msimpe kinyozi hata kidogo, kwa sababu mishipa ya damu inayokwenda kwenye ubongo inapita humo. Wananisikiliza kwa heshima, kisha mmoja huegemea kiti na kujipinda kiuno mbele yangu. Kwa! "Umesikia, mzee? Umerudi." Wanaondoka wakicheka.

Sasa nimalize kwa yale niliyoahidi nafsi yangu kuyaandika.

Yoakimu alipelekwa nyumbani Makobola. Mtu asiyehisi mwili wake lazima ageuzwe mchana na usiku, la sivyo nyama inaoza pale anapolalia, na mama yao hakuwa na nguvu za kumgeuza. Veronika alikunja nguo zake na za Matilda. Nilikuwa nimekaa kitandani.

"Minye nilikuambia juu ya jasho," akasema. "Ulinisikia?"

"Nilikusikia."

"Na shuleni walikufundisha?"

"Walinifundisha."

Aliinua kifurushi chake. Nikamwambia nitaacha kazi, nitakwenda naye, nitamgeuza Yoakimu mimi mwenyewe.

"Hapana," akasema. "Mikono yako isimuguse tena."

Yoakimu aliishi miaka kadhaa juu ya kitanda kile. Alikufa kwa vidonda vya mgongo, kabla hajafika umri wa kupata mvi, na mama yake akamfuata muda mfupi baadaye. Veronika hakurudi kwangu. Alilima mihogo Makobola, akazeeka, akazikwa huko, na ndugu zake waliniomba nisije kwenye kilio. Matilda alikua bila mimi. Niliwahi kwenda kumtafuta akiwa mwanamke mzima mwenye watoto wake, akanisalimia kwa adabu mlangoni, akaniita bwana, wala hakunikaribisha ndani. Siku ile ya kwanza Kalundu nilisema ndiyo nilipopaswa kusema hapana. Yoakimu alilipa kwa miguu yake, kisha kwa uhai wake. Mimi nililipa kwa mke wangu na binti yangu, na nimezeeka peke yangu.